Chaki Haipigi Kura

Kuna ramani ambayo hurudi mitandaoni kila Marekani inapokaribia uchaguzi, na kila ikirudi watu hushangaa upya. Upande mmoja imechorwa bahari ya enzi ya Kretasia, iliyofunika kusini mwa jimbo la sasa la Alabama zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita. Upande wa pili ni matokeo ya kura kwa kila kaunti: katikati ya wekundu wa Republican umelala mkanda wa buluu uliopinda kama mundu, ukifuata ukingo wa bahari ile ile. Maelezo yake ni mafupi na matamu. Viumbe wadogo wa baharini wakafa, wakawa chaki. Chaki ikawa udongo mweusi. Udongo ukaleta pamba, pamba ikaleta watumwa, watumwa wakazaa wapigakura wa Democratic. Kwa hiyo bahari ndiyo iliyompigia Obama kura.

Sina ugomvi na jiolojia ya ramani hiyo. Ugomvi wangu ni na vitenzi. Tazama ile -ka- ya masimulizi inavyofanya kazi: ikawa, ukaleta, ikaleta, wakazaa. Mambo yanafuatana kama maji yanavyoteremka mlimani, na popote pale palipopaswa kuwa na mtu mwenye jina na bunduki, pana udongo.

Sishangai kwamba maelezo haya yanatuingia kirahisi. Tuliosoma jiografia sekondari Tanzania tulikutana na Bonde la Tennessee, lile la mamlaka iliyoundwa mwaka 1933, tukakariri mabwawa yake na faida zake. Mto Tennessee unapita kaskazini mwa Alabama, kwa hiyo jimbo hili tumewahi kulipitia kwenye daftari bila kulitambua. Na mtihani ulikuwa na mtindo wake: taja sababu za kijiografia zilizofanya shughuli fulani istawi mahali fulani. Udongo wenye rutuba, mvua ya kutosha, ardhi tambarare, "upatikanaji wa nguvukazi". Hilo la mwisho liliandikwa kwenye mstari mmoja na mvua, kana kwamba nguvukazi nayo hunyesha.

Alabama yenyewe ni jimbo zuri la kujifunzia mtego huu, kwa sababu maumbile yake yamegawanyika waziwazi. Kaskazini na kaskazini-mashariki ndiko Appalachia inakoishia: nyanda za juu za Cumberland, kisha matuta na mabonde marefu yanayokwenda sambamba, kisha Piedmont ya miamba mikongwe, na Mlima Cheaha wa mita 735, ambao kwa mtu aliyeiona Uluguru ni kilima cha heshima tu. Kusini ni uwanda wa pwani, zaidi ya nusu ya jimbo, unaoteremka hadi Ghuba ya Mexico. Na ndani ya uwanda huo, kutoka mashariki hadi magharibi na kuingia Mississippi, ndipo ulipo ule mkanda: Ukanda Mweusi.

Ukifika Demopolis utaona magenge meupe ya chaki juu ya Mto Tombigbee. Juu ya chaki hiyo pamelala udongo mweusi wa mfinyanzi, mzito, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Aliyewahi kulima mbuga, au kukwamisha gari mbugani wakati wa masika, anaujua udongo huo bila kupanda ndege. Ni wa jamaa moja.

Sasa tuulize: je, udongo huo uliita pamba? Walowezi wa kwanza wa Kizungu waliukwepa. Jembe liligoma, na maji hayakupatikana, kwa sababu chaki iliyo chini haipitishi maji na visima vya kawaida havikufaa. Ilibidi watu watoboe chaki kwa kina kirefu kufikia maji yaliyobanwa chini yake. Kabla ya hapo ilibidi ardhi yenyewe iporwe. Mwaka 1814, kwa Mkataba wa Fort Jackson, Andrew Jackson aliwalazimisha Wamuskogi kuachia zaidi ya hekta milioni 9, na hakuwasamehe hata wale waliopigana upande wake. Miaka ya 1830 waliobaki walisukumwa magharibi ya Mto Mississippi.

Kisha watu. Mwaka 1820 Alabama ilikuwa na watumwa zaidi ya 40,000. Mwaka 1860 walikuwa 435,080. Tofauti hiyo haikuota ardhini. Wengi walinunuliwa Virginia, Maryland na Carolina, wakatembezwa kwa minyororo au kusafirishwa kwa meli na reli, wakauzwa kwenye masoko kama lile la Montgomery. Kila hatua ina risiti. Mtu alikopa benki, mtu aliandika bei, mtu alimtenga mama na mtoto wake akatia saini. Booker T. Washington, aliyejenga chuo chake Tuskegee, ndani ya mkanda huo, aliandika mwaka 1901 kwamba jina "Ukanda Mweusi" lilianza kwa rangi ya udongo, baadaye likawa jina la mahali ambapo watu Weusi ni wengi kuliko Weupe. Neno lilihama kutoka kwenye ardhi kwenda kwa watu. Ramani ya mitandaoni inalirudisha kwenye ardhi, na watu wanapotelea humo.

Tuje kwenye kura zenyewe, maana hapo ndipo hadithi ya bahari inapovunjika mguu. Mwaka 1870 wapigakura wa Ukanda Mweusi walimpeleka bungeni Washington Benjamin Turner wa Selma, mtu aliyezaliwa utumwani North Carolina na kuletwa Alabama akiwa mtoto. Alikuwa Republican, kama walivyokuwa karibu watu Weusi wote wa wakati huo. Chaki ilikuwa ile ile. Mwaka 1901 jimbo liliandika katiba mpya kwa lengo lililotamkwa wazi la kuwafuta watu Weusi kwenye daftari la wapigakura, kwa kodi ya kura na mitihani ya kusoma. Chaki haikusogea. Mwanzoni mwa mwaka 1965, katika Kaunti ya Lowndes, katikati kabisa ya ule mkanda, watu Weusi walikuwa takriban wanne kati ya kila wakazi watano, na walioandikishwa kupiga kura walikuwa sifuri. Bahari ya kale ilikuwa na miaka milioni 70 ya kujiandaa na haikuweza kumwandikisha hata mtu mmoja.

Waliojiandikisha baada ya hapo walilipa. Wakulima waliokuwa wakiishi kwenye mashamba ya Wazungu walifukuzwa, wakapigiwa mahema kando ya Barabara Kuu ya 80, ile ile iliyopitwa na maandamano ya Selma hadi Montgomery. Humo Lowndes, mwaka 1966, walikuwa na chama chao chenye alama ya chui mweusi. Huo mkanda wa buluu tunaoustaajabia kwenye simu ulipakwa rangi na watu waliolala hemani.

Wanasiasa wa jimbo hawadanganywi na jiolojia. Wangeamini kwamba Ukanda Mweusi ni kazi ya maumbile, wasingehangaika kuukata vipande kwenye majimbo ya uchaguzi. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubaliana na mahakama ya chini kwamba mipaka yao, kwa uwezekano mkubwa, ilivunja Sheria ya Haki za Kupiga Kura.

Kaskazini kuna ngano nyingine ya aina hii, nayo huvaa kofia ya uchumi. Birmingham, inasemwa, ilizaliwa mwaka 1871 kwa sababu chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa vilikutana mahali pamoja. Ni kweli vilikutana. Lakini makaa hayakujichimba. Alabama ilikodisha wafungwa kwa migodi hadi mwaka 1928, jimbo la mwisho kuacha. Mlipuko wa mgodi wa Banner mwaka 1911 uliua watu 128, wengi wao wafungwa Weusi. Sijui mtihani ungewaweka chini ya kichwa gani. Nguvukazi, labda.

Mtu atasema haya ni ya zamani, na ramani ni burudani tu. Nirudi Lowndes. Udongo ule usiopitisha maji unakataa matangi ya kawaida ya maji taka. Mfumo unaoufaa unaweza kugharimu zaidi ya dola 15,000, katika kaunti ambayo ni miongoni mwa maskini wa jimbo. Kwa hiyo familia nyingi hutoa uchafu wa choo kwa bomba linaloishia nyuma ya nyumba, na mvua ikinyesha unarudi sinkini. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima kinyesi cha wakazi 55: 19 walikuwa na dalili za minyoo ya safura. Catherine Coleman Flowers, mwana wa kaunti hiyo, amelisemea jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini. Muda mrefu jibu la wenye mamlaka lilikuwa lile la ramani: udongo mbaya. Wakati huo huo sheria ya jimbo ilifanya kutokuwa na mfumo halali kuwa kosa la jinai, kwa hiyo udongo ulilaumiwa na mwenye nyumba akashtakiwa.

Na hapa kuna jambo ambalo ramani haikuambii. Magharibi kidogo, kwenye Kaunti ya Hale, udongo wa mfinyanzi wa ukanda huo huo husifiwa. Haupitishi maji, kwa hiyo unafaa sana kuchimba mabwawa ya kambare, na biashara ya kambare imesimama juu yake. Maji yasipopita chini ya bwawa, huitwa neema ya maumbile. Yasipopita chini ya choo cha mjane, huitwa bahati mbaya.

Mwezi Mei 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikia makubaliano na idara ya afya ya Alabama: kaya zisiadhibiwe tena, na jimbo litafute suluhisho. Aprili 2025 wizara hiyo hiyo, chini ya serikali mpya, iliyafuta, ikisema hayo ni mambo ya sera za usawa na ujumuishi ambazo rais amezipiga marufuku. Hakuna aliyetaja chaki.