Mwanasosholojia Si Mjaza Madodoso

Ikiwa mwaka huu umepokelewa kusomea shahada ya uzamili ya sosholojia, Makerere au kwingineko katika nchi zetu, huenda ukapata kibarua kabla hujahitimu. Shirika litakukabidhi dodoso lililokwisha kuandikwa kwa Kiingereza, posho ya siku kumi na orodha ya vijiji. Utauliza, utajaza, utarudisha. Sikulaumu kwa kuipokea posho hiyo. Ada hailipwi kwa nadharia. Hata hivyo, kazi hiyo, ujapoifanya miaka ishirini, haitakufanya mwanasosholojia.

Mtazame Michael Burawoy, Mwingereza aliyefika Zambia mwaka 1968. Aliajiriwa na ofisi iliyohudumia makampuni ya migodi ya shaba mjini Kitwe, kisha akasoma uzamili katika Chuo Kikuu cha Zambia. Makampuni yalitangaza kwamba Wazambia wanapandishwa vyeo, na ni kweli walikuwa wanapandishwa. Yeye akauliza jambo ambalo hakutumwa kuliuliza: Mzambia akikalia kiti cha Mzungu, Mzungu yule huenda wapi? Akagundua kwamba mara nyingi aliundiwa cheo kipya cha juu zaidi, akahama na madaraka yake, na mrithi akabaki na jina la cheo. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umepanda ngazi tu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1972. Baadaye mwenyewe alisimulia kwamba kampuni iliutumia kuwabana mameneja wake wa migodi. Mwandishi hana amri juu ya matumizi ya maandishi yake, nawe ulijue hilo mapema.

Kwetu Uganda, Mahmood Mamdani aliandika mwaka 2007 jinsi Makerere ilivyogeuzwa soko. Alipoiongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya chuo hicho, ilianzisha mwaka 2012 shahada ya uzamivu yenye masomo ya darasani, ili watafiti wajifunze kuunda maswali badala ya kusubiri kuyapokea kwa wafadhili. Unaweza kutokubaliana naye katika mengi, lakini hapo naona alilenga shabaha.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo utanivumilia nikigusa lugha. Karani anabisha hodi, anatafsiri papo hapo: “Mkuu wa kaya ni nani?” Mama anamtaja mumewe, aliyeko Juba mwaka wa tatu sasa. Jina linaandikwa. Shamba ni la mama mkwe, ada ya watoto inatoka katika genge la mama mwenyewe, na mbuzi hauzwi bila idhini ya shemeji. Hayo yote hayana kisanduku. Anayesita mlangoni na kuuliza “ukuu” ni kitu gani katika nyumba ile ameanza taaluma. Anayekimbilia swali la pili bado ni karani, hata akiwa na shahada mbili.

Basi kabla ya kutia sahihi mkataba, uliza: Je, ninaruhusiwa kulibadilisha swali? Je, nitaweza kuyatumia majibu haya katika tasnifu yangu? Na nani atarudi kijijini kuwasomea matokeo, kwa lugha gani? Hilo la mwisho ni nadra kulikuta katika mikataba. Liandike kwa kalamu pembeni, kisha uone mwajiri atasemaje.