Neno la Mhariri: Mizinga ya Mbao ya Kasanga

Tarehe 5 Juni 1916, Geoffrey Spicer-Simson, kamanda wa kikosi cha Waingereza katika Ziwa Tanganyika, alifika mbele ya Bismarckburg, mahali ambapo sisi wa Ufipa tunapaita Kasanga. Hakuwa mgeni wa ushindi. Boti zake zilitolewa Cape Town kwa reli, zikavutwa na ng'ombe milimani Kongo, na kikosi chake kilikwisha kuiteka meli ya Kijerumani Kingani na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Siku ile akainua macho, akaona boma na mizinga. Akageuza, akarudi Kituta. Wajerumani wakapanda majahazi na mitumbwi yao, wakatoweka. Baadaye ikajulikana kuwa mizinga ile ilikuwa mbao tupu.

Hapa Milanzi, Ufipa, uzito wa ishara tunaujua. Masimulizi ya Wafipa yanasema utawala ulitoka mikononi mwa mwene wetu, yaani mtawala, siku wanawake wageni walipoketi kwenye kiti chake, yeye akiwa mawindoni. Kiti tu, bila mkuki.

Ndiyo maana toleo hili linauchukulia mkwara wa kijeshi kwa uzito wake wote. Meli za kivita zikisogezwa pwani ya jirani, vifaru vikipangwa mpakani, anayevipeleka huamini amesema, "Usithubutu." Anayeviona anaweza kusikia, "Nakuja." Maana iko kwa mtazamaji, wala aliyepeleka hana uwezo wa kuishika. Kule Kasanga, mtazamaji alirudi nyuma, na damu haikumwagika pale ziwani. Angekuwa mwenye hofu na haraka, angefyatua. Siwezi kukubali bahati ya namna hiyo iitwe sera.

Na mkwara huwa na wabebaji. Vita ile ya Kwanza ya Dunia ilibebwa vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika, wengi wakafa njiani kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Hakuna aliyewauliza.

Mwaka 2012, sisi na Malawi tulipovutana juu ya Ziwa Nyasa, maneno ya utayari wa jeshi yalisikika. Marais wastaafu wa SADC wakiongozwa na Joaquim Chissano wakaombwa kusuluhisha. Mpaka bado unabishaniwa, na wavuvi wa pande zote mbili bado wanatupa nyavu. Kwangu mimi, huo ndio ulinzi unaostahili kugharimiwa kwanza: watu wa kuulizana, "Ulimaanisha nini?" kabla kidole hakijagusa kifyatulio.