Nunki haikuitwa Nunki na Wasumeri

Nyota ya pili kwa mng'ao katika kundinyota la Kausi inaitwa Nunki, na wapenda anga wengi huapa kwamba hilo ndilo jina kongwe kuliko yote tunayoyatumia: eti Wasumeri waliiangalia nyota hiyohiyo wakaiita hivyo. Si kweli, na uzushi huu unawavunjia heshima walewale unaojidai kuwatukuza.

Jina ni la kale, sibishi. Katika MUL.APIN, orodha ya nyota iliyotungwa Mesopotamia yapata miaka 1000 kabla ya Kristo, imo nyota ya NUN.KI, yaani ya Eridu, mji wa mungu Ea. Lakini wasomaji wa mwandiko wa kikabari wanaitafuta mbali na Kausi, kusini kabisa, upande wa makundinyota ya Shetri na Tanga. Kausi ilikuwa ya mungu mwingine, Pabilsag. Waliolihamisha jina ni wasomi wa karne ya 19, vibao vya udongo vikiwa bado vinasomwa kwa kubahatisha. Richard Hinckley Allen akalitia katika kitabu chake cha mwaka 1899, na mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukalipitisha rasmi. Likitumika, litumike. Kulipachika umri lisiokuwa nao hapo lilipo ndiko ninakokupinga.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba urithi wa kweli tunao, tunaupita tu. Kibao cha Uruk kilichopo katika makumbusho ya Louvre kina mchoro wa kundinyota la mwanamke aliyesimama, mkononi suke la nafaka. Suke hilo Wagiriki walilipokea, Warumi wakaiita nyota yake Spica, Waarabu wakasema Sunbula, na vitabu vyetu vya falaki vikaandika Sumbula. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa nyota ya Regulus: Babeli iliiita Mfalme, na ufalme huo haujavuliwa hadi leo, ingawa hakuna hata silabi moja ya Kisumeri iliyobaki katika jina lake.

Kisha kuna hesabu. Kuigawa njia ya jua mafungu 12 ya nyuzi 30 kila moja ni kazi ya Wababeli wa karne ya 5 kabla ya Kristo, na kila anayesoma nyota yake gazetini anaitegemea. Watu waliokesha kwa karne nyingi wakiandika kupatwa kwa mwezi hawahitaji kuzuliwa sifa.

Wanaotengeneza programu za anga warekebishe maelezo yao: Nunki, jina la nyota ya Eridu, lilibandikwa hapa na Wazungu wa karne ya 19.