Mabingwa wa 1988 Waandikwe Wote

Maji yakupwapo siku za bamvua, ufuko wa Ushongo, kusini mwa mto Pangani, hugeuka uwanja wa kandanda. Mtoto wa hapo akiulizwa wachezaji wa Simba na Yanga, huwataja bila kusita. Akiulizwa ni nani walioupatia mkoa wake wa Tanga ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, ni bahati akilitaja jina la klabu, seuze majina ya watu.

Lawama si ya mtoto huyo. Hakuna aliyemwandikia.

Ubingwa wa Coastal Union, klabu iliyoasisiwa mwaka 1948, haukuwa jambo dogo. Tangu ligi ya taifa ianze mwaka 1965, kombe la Bara lilizoea kulala Dar es Salaam. Mseto ya Morogoro ililitoa huko mwaka 1975, Tukuyu Stars ya Mbeya ikalitoa mwaka 1986, na miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Wagosi wa Kaya. Mtibwa Sugar ililitwaa mwaka 1999 na 2000, kisha likarejea kwenye makao yake ya zamani.

Ajabu ni jinsi kumbukumbu ya ushindi ule inavyochuja watu. Mohamed Mwameja, mlinda mlango aliyepitia Coastal Union, anajulikana nchi nzima, lakini hasa kwa sababu alikwenda Simba na kulinda lango lake ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Juma Mgunda, aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wa 1988, vijana wa leo humjua kwa kazi ya ukocha. Wote wawili wanastahili heshima yao. Lakini beki aliyebaki Tanga, akastaafu Tanga na kuzeeka Tanga, jina lake hubaki kwenye baraza za Ngamiani na Chumbageni, midomoni mwa wazee ambao nao wanapungua mwaka hadi mwaka. Ni kana kwamba mchezaji wa mikoani hajacheza mpira mpaka avae jezi ya Dar es Salaam.

Hata timu ya taifa imepatwa na uchujaji huo. Bao la Peter Tino mjini Ndola mwaka 1979, lililoivusha Taifa Stars mbele ya Zambia, linasimuliwa mpaka leo, na ni haki lisimuliwe. Ila katika fainali zenyewe za Kombe la Mataifa ya Afrika, Lagos, Machi 1980, Tanzania ilifunga mabao matatu tu, na mawili kati ya hayo, dhidi ya Misri na Ivory Coast, yalifungwa na Thuwein Waziri. Ilipita miaka 39 kabla ya nchi hii kurudi kwenye fainali hizo. Ni wangapi wanaomtaja Thuwein kwa kila mara moja wanapomtaja Tino? Ikiwa mfungaji husahauliwa hivyo, beki wa pembeni na mchezaji wa akiba watarajie nini?

Enzi hizo mchezaji hakutajirika kwa mpira. Wengi waliishi kwa ajira zao, na mazoezi yalikuwa ya jioni, baada ya kazi. Kwa hiyo jina lilikuwa sehemu kubwa ya ujira wao. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 25 siku ya ubingwa ule sasa amevuka 60. Muda uliosalia wa kumsikiliza mwenyewe si mrefu.

Kazi hii haihitaji fungu maalumu wala kamati ya kusafiri. Maofisa utamaduni wa wilaya za Tanga, Muheza na Pangani wana madaftari. Klabu ina wanachama wazee. Mwalimu wa historia anaweza kuwatuma wanafunzi wake kwa jirani waliyemzoea kama mvuvi au fundi baiskeli, wamwulize alicheza namba ngapi, na nani kushoto kwake, na nani aliyekaa benchi siku hiyo. Majibu yakipishana, na yatapishana, yaandikwe yote mpaka picha za zamani zitakapoamua. Orodha ikikamilika, ipigwe chapa na kubandikwa ukutani Mkwakwani, karibu na mlango wa mashabiki wa kawaida, na nakala zipelekwe shuleni, ya Ushongo ikiwamo.