MWANAO HAJAKUSUSA, ANASUBIRI VIZA



Ndugu zangu katika imani, leo tuzungumze jambo linalovunja nyumba zetu kimyakimya. Kijana amemaliza chuo Uingereza, amepata mwajiri, ameomba kubadilisha viza ya mwanafunzi kuwa viza ya kazi. Majibu yamechelewa. Huku nyumbani baba anafariki, na kijana haji kuzika. Matanga yanageuka mahakama: "Ulaya imemmeza." "Angekuwa na uchungu na babake angepanda ndege." Wengine hukata naye undugu kabisa.

Mimi nasema wazi: kijana huyu anadhulumiwa, na wanaomdhulumu ni sisi.

Kabla ya kuhukumu, tujue utaratibu. Anayeombea ndani ya Uingereza kwa kawaida huambiwa asubiri hadi wiki 8, na wapo wanaopitisha hapo. Akiwa aliomba kabla viza ya zamani haijaisha, sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1971 inamlinda: ukaazi wake unaendelea, na masharti yaleyale ya zamani, mpaka ajibiwe. Lakini akitoka nchini kabla ya uamuzi, maombi yake yanahesabika ameyaondoa mwenyewe. Ada imekwenda, na kazi huenda ikapotea. Si kwamba hataki kuja. Mlango akiufungua kutoka, unajifunga nyuma yake.

Sasa dini inasemaje? Kumuosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi kifaya. Wakisimama waliopo, dhambi imewaondokea wasiokuwepo. Na sisi wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi'i tunayo swala ya ghaibu. Najashi, mfalme wa Habasha, alipofariki, Mtume (s.a.w.) alimswalia akiwa Madina. Kijana naye atamswalia babake huko aliko. Kisha amwombee dua, amtolee sadaka, amlipie madeni, awaunge marafiki wa babake. Huo ndio wema wa mtoto baada ya mzazi kuondoka, na hauhitaji pasipoti.

Na kwa kuwa tumeitaja Habasha, wakumbukeni masahaba waliohamia huko. Jaafar bin Abi Talib alikaa ugenini miaka mingi, hakurejea mpaka mwaka wa 7 wa Hijra. Waliishi chini ya mfalme wasiyekuwa kabila lake, wakamheshimu na hawakumfanyia khiyana. Je, nani alisema wamewasusa jamaa zao?

Nanyi vijana mnaosubiri, nina maneno yenu.

Viza ni ahadi. Mafaqihi wetu wameeleza zamani kwamba anayeingia nchi ya watu kwa amani waliyompa, haramu kwake kuwahini, hata kama si Waislamu. Najua akiba inaisha na kodi ya chumba inadai. Lakini viza ya mwanafunzi haikuruhusu kujiajiri, na akaunti ya kupelekea vyakula uliyoazima kwa mwenzio inakufanya uongo mara mbili: kwa serikali, na kwa anayekufungulia mlango akidhani wewe ni yule wa kwenye picha. Ndoa ya makaratasi ni mchezo na jambo ambalo Allah amelitukuza. Heri ukope kwa nduguyo, ule mkate na chai, faili lako libaki safi.

Wengine wananiuliza: kulipia huduma ya haraka si rushwa? Ikiwa ni ada iliyotangazwa na serikali yenyewe, kama ile ya pauni 500 kwa baadhi ya maombi, na kila mwenye nazo anaweza kulipa, hiyo ni gharama ya huduma. Rushwa ni zile unazompa mtu wa kati anayekwambia "namjua mtu ndani". Huyo mkimbie, atakula pesa na atakuachia kesi.

Tawakkul si kulala. Mtume (s.a.w.) alifundisha ngamia afungwe kwanza, ndipo mja amtegemee Mola wake. Basi omba kabla tarehe haijapita, tunza nakala za kila karatasi, jibu kila barua wanayokutumia. Baada ya hapo, mwachie Allah.

Na mtazameni Nabii Yusuf (a.s.). Alimwomba mwenzake wa gerezani amtaje kwa bwana wake. Yule akatoka, akasahau. Yusuf akabaki miaka. Na ujumbe wa mfalme ulipomjia hakukimbilia mlangoni. Alitaka kwanza kesi yake isafishwe. Mgeni yule yule ndiye aliyekuja kukabidhiwa hazina za Misri. Kuchelewa hakukumpunguzia riziki yake hata chembe.

Wazazi, acheni kumpigia simu kila juma mkiuliza "bado tu?" Acheni kwenda kwa waganga mkisema amefungwa na mahasidi. Hajafungwa na mtu, faili lake lipo kwenye foleni. Punguzeni orodha ya mahitaji miezi hii. Mpigieni mumuulize amekula nini, amelala vipi. Na kama kuna aliyemkatia simu siku ya msiba, leo ampigie yeye kwanza.

Allah awafungulie wote wanaosubiri, awarehemu wazazi waliozikwa watoto wao wakiwa mbali, na aunganishe nyoyo zetu. Aamiin.

Wallaahu a'lam. Mfikishie na mwenzio.