Pikipiki ya urithi haianzi na spana

Majuzi kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, alinisimamisha katika steji ya Ngong akaniuliza: "Mzee, babu ametuachia pikipiki kuukuu. Nikitaka kuifufua, nianzie wapi?" Matatu yangu ilikuwa inajaa, nikamjibu kwa mkato: "Anza na mama yako." Alicheka akidhani namfanyia mzaha. Leo namjibu kwa kirefu, pamoja na wasomaji wote ambao nyuma ya jikoni kwao kuna chuma cha marehemu kilichofunikwa turubai.

Marehemu baba alikuwa mhudumu wa mifugo hapa Ngong. Mwaka 1966 alinunua BSA Bantam ya cc 175 kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akifungasha virago kurudi kwao. Kwa pikipiki hiyo aliteremka Kona Baridi kwenda kuchanja ng'ombe katika maboma ya njia ya Magadi, akarudi jioni akiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kofia hadi viatu. Sisi watoto tulimsikia kabla ya kumwona. Naye mama, akisikia ule mlio ukipanda kilima, alibandika maji ya chai mekoni.

Bantam hizo ziliundwa Birmingham, Uingereza, kuanzia mwaka 1948 hadi 1971. Asili yake si ya Kiingereza. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, washindi walichukua michoro ya pikipiki ya Kijerumani iitwayo DKW RT 125 kama sehemu ya fidia. Waingereza wakaigeuza kama mtu anayejitazama kwenye kioo, ili giya iwe mguu wa kulia walivyozoea, wakapata Bantam. Warusi na Wamarekani nao wakatengeneza zao. Hata Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata mfano wa DKW hiyo hiyo. Kwa hivyo pikipiki ya baba ina ndugu wa baba mmoja waliotapakaa duniani. Ndugu wa tumbo moja waliobaki nyumbani kwetu ndio waliotaka kupigana kwa ajili yake.

Baba alifariki mwaka 2014. Pikipiki ilikuwa imenyamaza miaka mingi kabla yake, na kuku walikuwa wamezoea kutaga juu ya kiti. Mwezi wa Januari 2022, kaka yangu mkubwa alipatana na mnunuzi wa vyuma kuukuu aje aipime kwa kilo kama mabati. Bahati ilituangukia. Mwezi huo huo Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya watu kuharibu nguzo na nyaya za umeme, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Mei. Mnunuzi hakuja.

Nami nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Jumamosi moja, kaka akiwa kwake Kitengela, nilifika kwa mama na binti yangu aliyekuwa kidato cha tatu, tukiwa na sanduku la spana. Kufikia magharibi injini ilikuwa ndani ya karai, magurudumu yameegemea ukuta, na nati zote zimechanganyika katika beseni moja. Mama alitoka jikoni, akatazama, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hii ni mali ya nani?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo kaka alinipigia simu. "Mimi nilitaka kuiuza mkaniita msaliti. Wewe umeichinja bila kumwuliza mtu, nawe tukuite nani?" Dada yetu, ambaye ndiye kifungua mimba, naye alisema hakuna aliyemwuliza lolote, si kuhusu kuuza wala kufufua, kana kwamba baba alizaa wana wawili tu. Miezi mitatu ikapita mimi na kaka hatusemezani, kwa sababu ya chuma ambacho miaka minane hakuna aliyekitazama.

Msomaji, nilipokwenda kuuliza nikaambiwa kwamba sisi sote wawili tulikuwa na makosa. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inasema katika kifungu cha 45 kwamba mtu hana ruhusa ya kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Adhabu ni faini isiyozidi Sh10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na katika mali kama pikipiki, sheria hiyo haimbagui mtoto wa kike. Dada alikuwa na haki sawa na yetu ya kuulizwa.

Njia yenyewe si ngumu, ila inataka subira. Familia hupata barua ya chifu inayotaja warithi, kisha hupeleka ombi mahakamani. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Usimamizi ukishatolewa, kwa kawaida hungojewa miezi sita ndipo uthibitishwe na mali igawanywe. Baada ya hapo ndipo NTSA inaweza kubadilisha jina. Bila karatasi hizo, unaweza kuipaka pikipiki dhahabu, lakini barabarani itakuwa bado ya marehemu, na siku ya ajali utajikuta ukijibu maswali mazito kuhusu bima.

Tulibahatika tena. Logbook ilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, imekunjwa pamoja na risiti za petroli. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama alituita sote Jumapili moja baada ya kanisa, akatukalisha, na kabla ya chai kumwagwa vikombeni tukawa tumekubaliana. Pikipiki itakuwa ya mama maisha yake yote. Haitauzwa bila watoto wote watatu kukubali. Mimi na binti yangu tutafanya kazi, kaka atachangia vipuri, na dada atashika daftari la hesabu. Tuliyaandika, tukatia sahihi, kisha tukafuata mahakama.

Sasa ndipo tufike kwenye spana.

Kabla ya kufungua kitu, piga picha kwa simu kutoka kila upande. Nati na skrubu za kila sehemu zitie katika mkebe wake, uandike jina juu. Sisi tulikwisha kuchanganya, hivyo binti yangu alimaliza likizo nzima akipanga nati katika mikebe ya Kimbo kama mtu anayechagua maharagwe.

Pili, usitumie spana za milimita. Pikipiki za Kiingereza za miaka hiyo zina vipimo vyao, na spana zake huandikwa Whitworth. Nilikuwa nimekwisha kuviringisha vichwa vya nati mbili nilipompelekea injini fundi mmoja mzee wa Bulbul. Alizitazama nati zangu, akatikisa kichwa. "Kijana, hii si Boxer," akasema. Akatoa spana zake kutoka ndani ya kitambaa, nami nikamshikia taa kama mwanafunzi.

Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu. Nilitaka nyundo, mzee akakataa. Alimimina dizeli kupitia tundu la plagi akaiacha wiki nzima, akiongeza kidogo kila siku. Siku ya nane aliizungusha krenki polepole, ikakubali. Silinda ilikuwa na makovu, kwa hivyo tuliipeleka Industrial Area ikachongwa upya, tukaagiza pistoni kubwa kidogo pamoja na ringi zake kutoka Uingereza. Bantam ziliundwa kwa wingi sana, ndiyo maana vipuri vyake bado vinapatikana.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni sili za krenki. Hii ni injini ya tu-stroki, inayovuta petroli yake kupitia tumbo la injini lenyewe. Sili zikikauka, hewa huingia mahali isipotakiwa. Utapiga kiki hadi goti lilie, na hata ikiwaka itachemka mpaka pistoni ishikane tena. Sili ni kipuri cha bei ndogo, nazo zikipuuzwa zinaweza kuiua silinda iliyochongwa kwa pesa nyingi. Kadhalika injini hii haina oili yake ya pembeni. Oili huchanganywa na petroli, na sisi hutia lita moja kwa kila lita 20. Mwambie kila atakayeiendesha, maana petroli tupu huiua.

Kwa wenye watoto, hili mlishike. Viatu vya breki vya zamani huwa na asbestosi, na vumbi lake linadhuru mapafu. Usilipulize kwa pampu wala kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa chenye maji, kisha ukitupe kitambaa chenyewe ndani ya mfuko uliofungwa.

Kuhusu rangi tulibishana. Kaka alitaka ing'ae kama mpya. Mudigadi ya mbele ina kibonyeo ambacho baba alikipata alipoangushwa na punda karibu na Olepolos, na dada hakutaka kiguswe. Tulisafisha, tukazuia kutu, tukakiacha. Wapenzi wa magari na pikipiki kuukuu, wanaokutana katika mashindano ya Africa Concours d'Elegance yaliyoanza mwaka 1970 na ambayo kwa miaka mingi yamefanyika Ngong Racecourse, watakwambia kwamba kitu cha asili kikishaondolewa hakirudi. Hata kipuri kilichokufa usikitupe. Kitie mkebeni.

Gharama? Daftari la dada linaonyesha kwamba kwa fedha tulizotumia tungenunua boda boda nzuri ya mtumba. Anayetafuta faida asianze kazi hii.

Siku ya kuwasha, kaka alifika mapema kuliko sote. Kiki ya kwanza, kimya. Ya sita, ilikohoa. Ya tisa, iliwaka, na moshi wa buluu ukajaa uani. Kaka, ambaye ni mwendeshaji wa pikipiki za kisasa, aliomba aizungushe uani. Alipofika kwenye ua alikanyaga kwa mguu wa kulia akidhani ni breki, kumbe ndiyo giya, akaingia miibani. Hakuumia, ila alicheka mpaka machozi, nami nikamvuta kwa mkono. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza marefu baada ya muda. Nawaonya: katika pikipiki hizi giya iko kulia na breki ya nyuma iko kushoto. Jifunze uwanjani kwanza, tena ukiwa na kofia.

Tulipogeuka, mama hakuwapo uani. Tulimkuta jikoni amebandika maji ya chai. Hakuna aliyemwomba.

Kwa hivyo, kijana wangu wa steji ya Ngong, sikuwa nikikufanyia mzaha. Pikipiki ya babu ina wenyewe. Waulize kwanza, andikeni mlivyokubaliana, tafuteni logbook, fuateni mahakama. Kutu haitakimbia, lakini ndugu akishakasirika hana vipuri vya kuagiza Uingereza.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.