Scandola: Sifa inapokuwa mzigo

HIFADHI ya Scandola, katika pwani ya magharibi ya kisiwa cha Corsica, Ufaransa, haina barabara. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa kinga yake. Ilipotengwa mwaka wa 1975, tai wanaovua samaki walikuwa wamesalia jozi chache mno kisiwani. Walipolindwa, waliongezeka hadi takriban jozi 30.

Kisha sifa zikaenea. Mwaka wa 1983 UNESCO iliiorodhesha sehemu hiyo, pamoja na Ghuba ya Girolata, kuwa Turathi ya Dunia. Sasa kila kiangazi boti za watalii humiminika chini ya majabali mekundu yenye viota. Watafiti wamebaini kuwa penye msongamano wa boti, dume hupeleka samaki wachache kiotoni, na makinda wanaofaulu kuruka hupungua. Mwaka wa 2020 Scandola ilipoteza Diploma ya Baraza la Ulaya iliyoishikilia tangu 1985.

Ni kweli wenye boti wanatafuta riziki. Kijiji cha Girolata, chenye ngome ya enzi za Wagenoa, hakifikiki kwa gari, na mkahawa usio na wageni hufungwa. Lakini kumwonya mgeni asichume ua huku injini zikinguruma chini ya kiota ni mzaha. Boti ziwekewe kikomo wakati wa kulea makinda, hata wafanyabiashara wakinung'unika. Anayetamani kuiona Girolata atapata njia ya miguu kutoka Bocca a Croce, mwendo usiofika saa mbili.